Sahani Arobaini

Mama Nekesa wa chama cha Tujikaze, hapa Kaptembwo,
ana sahani arobaini za bati, zenye maua mekundu ukingoni,
na amesema wazi: moja ikipotea, mtanunua mbili.
Basi harusi yetu ni watu arobaini.
Si kasisi aliyeamua, wala si mfuko. Ni bati.

Tumeketi mezani, mimi na Ogweno,
daftari la hesabu la mpwa wangu katikati,
yeye na kalamu ya wino, mimi na penseli.
Kila jina analotaja lina mkia.
Ukimwalika Shangazi Adikinyi umelialika goti lake bovu,
na mjukuu wa kumshika mkono,
na mwenzake wa maombi asiyekula nyama
ila huja na mfuko wa kuibebea.
Jina moja, sahani tatu.

Binamu watatu wa Bumala tuliwafuta kwa pumzi moja.
Wa nne tulimrudisha, ana gari.
Tuliona haya kidogo,
kisha tukaendelea.

Kuna aliyenikopesha mia mbili nikiwa chuoni
na hajawahi kuzitaja: ndani.
Kuna aliyenichangia elfu tano
na huzitaja kila tukutanapo: nje,
halafu ndani, halafu Ogweno akacheka,
"Tumrudishie pesa zake, tubaki na sahani."

Wanasema msiba wa wengi ni harusi.
Harusi ya wachache ni nini, hawakusema.
Labda ni msiba wa majirani,
watakaonusa pilau kupitia ukuta wa mabati
na kuhesabu viatu vinavyoingia.

Saa tano usiku tukafika arobaini kamili.
Tukapeana mikono juu ya daftari kama mawakili.
Ndipo mama, aliyekuwa akichambua mchele
na kujifanya hasikii, akauliza,
"Na nyinyi mtalia wapi?"
Sikujua ni chakula anachosema au ni machozi.
Hatukuwa tumejihesabu.
"Kwenye kifuniko cha sufuria," Ogweno akajibu,
na mama akatikisa ungo.

Kisha akasema: "Mwandike Gicheha."

Kalamu ya Ogweno ikasimama.
Yeye hakuwapo. Januari ile alikuwa Ugenya,
mtoto wa darasa la tano.
Hajui mlio wa kufuli la lango la Gicheha,
hajui sisi watatu na godoro huku nje,
na moshi ukitujia kutoka upande wa Ponda Mali.
Kodi tulikuwa tumelipa.
Hilo ndilo mama hulirudia akisimulia,
si moto, si mayowe:
kodi tulikuwa tumelipa hadi Februari.

Asubuhi alimtuma mtoto na pakiti ya unga,
imeshafunguliwa, imepungua kikombe kimoja.
Mama aliusonga. Tulikula.
Kama alitufungia nje ili wasitukute kwake,
kama alifunga kwa ajili yetu au kwa ajili ya nyumba yake,
hajasema, nasi hatujauliza.
Miaka yote hii hupita na bakora yake,
"Mama Nasimiyu, habari ya jioni?"
"Nzuri," mama hujibu,
na jioni huenda zake.

"Mama, yule ni mzee sasa, hata hatakuja."
"Mwandike."

Nikamfuta bosi wangu wa duka la mbegu.
Nikaandika Gicheha kwa penseli,
na kidole cha mama, cheupe kwa vumbi la mchele,
kikakaa kando ya jina
hadi nilipomaliza herufi ya mwisho.
Akaurudia ungo wake.
Akaokota kijiwe, akakitupa dirishani.

"Mwambie aje mapema," akasema.
"Na kiti chake kiwe karibu na lango."